Yakiwa Meupe, Aje

Buleusa, 24 Januari 1954

Dada yangu Athanasie,

Salamu kwako, kwa shemeji Grégoire, kwa watoto na kwa Mama anayetuzidi wote. Mungu ametuvusha mwaka. Mimi ni mzima, ila shati langu la Noeli nililianika siku niliyorudi na mpaka leo halijakauka. Mvua ya huku Walikale hainyeshi, inamwagwa. Mwambie Mama maharagwe aliyonifungia yalifika salama na hayakukaa.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana najua umekwisha kuruka mistari ukilitafuta.

Siku ile ya Noeli uliponipeleka kwa mzee Sebarenzi, pale juu ya Sake, nikamwone binti yake Vestine, uliniambia nikae kimya na nicheke kidogo. Kukaa kimya nilikuweza. Kucheka kulinishinda, kwa sababu kila nilipocheka mkono ulikimbilia mdomoni, utadhani nakohoa. Sababu unaijua. Meno yangu yana rangi ya maharagwe ya Mama kabla hayajaiva. Nilipokuwa nyumbani sikuliona hilo. Lakini huku watu wana meno kama muhogo uliotoka kumenywa, na mimi ndiye ninayewafundisha watoto wao somo la usafi. Mwezi huu niliandika ubaoni: «Meno safi ni meupe.» Darasa zima likaacha kutazama ubao, likanitazama mimi.

Na Vestine, dada, hakucheka hata mara moja. Alikaza midomo. Nilipotoa kile kisa changu cha mbuzi aliyeingia kanisani, ambacho hata padri hukicheka, yeye alijifunika mdomo kwa kitambaa chake kama mtu aliyesikia harufu mbaya.

Nakuomba umwone, umuulize: ananitaka au hanitaki? Na usinifiche hili: meno yangu aliyaona? Alisema nini?

Nangoja kwa moyo ulioning'inia. Mimi mdogo wako mwenye kinywa kilichofungwa,

Straton


Kibabi, 2 Machi 1954

Mdogo wangu Straton,

Barua yako ililetwa na dereva wa kamio ya mbao, ikiwa imepakwa mafuta ya gari kila kona. Tu wazima. Mama anasema maharagwe hayakuumbwa yakae, alijua. Mtoto wangu wa pili ameng'oka jino lake la kwanza. Akalitupa juu ya paa kama desturi, na sasa kila asubuhi ananifungulia kinywa nimtazamie kama jipya limeota. Mimi nafsi yangu nina habari nyingine ya tumbo, utaielewa bila kuandikiwa. Shemeji yako anajifanya hajui kuhesabu miezi.

Umeandika ukurasa mzima juu ya meno yako. Kwani mimi dada yako nina meno ya nani? Tulizaliwa nyumba moja, rangi ni ile ile, na Grégoire hajawahi kunirudisha kwetu kwa sababu hiyo. Hukuona, kwa sababu mtu akienda kusomea umoniteur, huo ualimu wenu, hujitazama yeye tu.

Haya. Nilipanda kwa Sebarenzi, nikamkuta Vestine, tukasimama tukaongea muda mrefu. Nikamuuliza waziwazi. Akatazama mbele yake, akasema: «Niyera, azaze.»

Basi. Ni maneno mawili, nami nimekuletea yote mawili bila kutia chumvi. Furahi, mjinga wewe, na ujiandae. Kuhusu meno uliyoniuliza, kuna jambo alilosema, akaniapisha nisilitoe. Mimi si mtu wa kuvunja kiapo kwa ajili ya kinywa chako.

Dada yako,

Athanasie


Buleusa, siku ya Pasaka, 18 Aprili 1954

Dada yangu,

Kristo amefufuka na mimi karibu nife, lakini nitakueleza siku nyingine. Nawasalimu wote. Mpe Grégoire pole ya kuhesabu miezi.

Maneno mawili ya Vestine yamefika. Ni msichana wa maneno machache, na ni wa haki. Angeweza kukataa kabisa na mimi nisingekuwa na la kujibu. Badala yake ameweka sharti, kwamba yakiwa meupe nije, na kusema kweli sharti hilo mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa tangu zamani. Sikukasirika. Nililia kidogo, kisha nikaanza kazi.

Asubuhi na jioni nasugua. Mwalimu mwenzangu Damascène ndiye aliyenielekeza: makaa yaliyosagwa pamoja na chumvi. Mikono yangu imekuwa myeusi kama ya mhunzi. Sitasema mengi kabla kazi haijaonekana, maana nakujua, utamsomea Mama kwa sauti na mlima mzima utasikia.

Niulizie neno moja tu. Vestine anataka yote, au ya mbele peke yake yatatosha? Ya nyuma ni magumu kuyafikia.

Mimi mwenye bidii,

Straton


Kibabi, 30 Mei 1954

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, ameanza kuota jua nje baada ya baridi yote ile. Tumbo linakua. Maharagwe yetu ya mteremkoni yamechukuliwa na maji, ila ya bondeni ni mazuri. Masaka ya mwaka huu, ndugu yangu, hata Mama hakumbuki mwaka mwingine kama huu. Mtama wa Sebarenzi umesimama kuliko mtu.

Nimefurahi kusikia umeanza kujenga. Nilimwambia Mama makaa yale ni ya kuchomea matofali, naye akasema mtoto wake amekuwa mtu mzima. Kusugua sikukuelewa, nadhani ndiyo namna yenu ya Walikale ya kulainisha kuta.

Swali lako nimelipeleka. Ya mbele peke yake hayatoshi. Ukoo wa Sebarenzi ni mkubwa, na siku hiyo hakuna atakayekubali kudanganywa kwa nusu. Ni kweli ya nyuma ni magumu kuyafikia, kule ni mteremko, lakini hilo si kazi yako. Wewe ujiandae tu. Na yakiwa tayari usichelewe, kwa maana kuna mtu anaitwa Hakorimana, ana baisikeli, na barabara ya kwa Sebarenzi amekwisha kuyajua mashimo yake yote.

Athanasie


Buleusa, 11 Julai 1954

Dada yangu,

Wasalimu wote. Nakuandikia kwa mkono, kwa mdomo siwezi. Likizo imeanza, walimu wenzangu wamekwenda kwao, na mimi nimebaki hapa na sufuria ya uji. Uji wenyewe naungoja upoe, kisha nauogopa kwa kuwa umepoa. Soma polepole, na ukicheka usiniambie.

Nilianza na makaa. Damascène alikuwa na meno ya kahawia, akasugua, yakatakata. Mimi nikasugua mpaka fizi zikatoka damu na kahawia yangu ikabaki palepale, inaniangalia. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba Damascène alikuwa mvuta kiko. Lake lilikuwa doa la moshi. Mimi sijavuta hata siku moja, kwa hiyo nilikuwa nasugua doa ambalo sina.

Nikaongeza ndimu na majivu. Siku ya kwanza nilijiona kwenye kioo nikasema, Straton, umekuwa mtu. Meno yalikuwa yamepauka kama chokaa. Siku ya tatu nikanywa maji ya mtoni, nikaruka kama chura mbele ya padri. Alidhani nimepatwa na Roho.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Lakini barua yako ilisema ya mbele hayatoshi, ukoo mzima utatazama mpaka magego. Nilijiona nimesimama katikati ya nyumba ya Sebarenzi, kinywa wazi, wajomba wakipita mmoja mmoja na kibatari. (Ule mteremko sikuuelewa. Nilidhani ni methali.)

Siku ya soko nikashuka Walikale, nikamkuta mtu anaitwa Munyakazi. Alikuwa na meza yenye kitambaa chekundu, kioo, na diploma ndani ya fremu, imeandikwa kwa lugha ambayo si Kifaransa wala Kilatini. Hakuitwa mganga, aliitwa mtaalamu. Nikavutwa na neno hilo, si unanijua. Nikamuuliza, kama msomi: «Dawa yako iko ya nini? Haina mubaya?»

Akanijibu: «Papa moniteur, hii njo dawa ya Bazungu benyewe. Mara moja tu. Fungula kinywa.»

Nikafungua. Akachovya pamba kwenye chupa, na chupa ikatoa moshi. Dada, mtu mwenye cheti cha ualimu aliona dawa inatoa moshi, akafungua kinywa zaidi. Akapaka. Jino likawa jeupe palepale, watu wakapiga makofi, mimi nikawapungia mkono. Jioni fizi ikawa nyeupe pia. Kisha mdomo wa ndani ukawa mweupe, ukabambuka. Niliomba weupe nikapewa weupe, ila Munyakazi hakuuliza wapi. Nilipomrudia hata meza haikuwepo.

Sasa meno yana mabaka kama ukuta uliopigwa chokaa na mlevi, na moja la mbele limekwaruzika, ukipitisha ulimi unasikia kama mchanga. Vestine alisema yakiwa meupe, nije. Ndiyo maana ya maneno yake mawili, na mimi nimeshindwa. Mwambie anivumilie mpaka Noeli. Mwambie nilijaribu. Nampenda, dada, na hili silisemi kwa mzaha.

Straton


Kibabi, 1 Agosti 1954

Straton, Straton, Straton,

Salamu utazipata mwishoni, zikibaki.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, kisha nikalala chini. Grégoire alidhani mtoto anakuja kabla ya wakati. Nilikuwa nacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliona ni mimi niliyekuua.

Masaka, Straton! Masaka! Tulikuwa tumesimama kando ya shamba la mtama la baba yake. Nikamuuliza, akautazama mtama uliokuwa bado kijani, akasema «Niyera, azaze»: ukiiva aje, tupate pombe ya kuwapa wakwe. Wewe umekaa msituni mpaka umesahau lugha ya mama yako? Kwetu nguo ikifuliwa inakuwa nyeupe ni kwera, na masaka yakiiva shambani ni kwera. Ni neno moja! Na mimi punguani, kwa kuwa nilikuwa nimeliona shamba kwa macho, sikuona haja ya kuliandika. Nikaliweka neno hilo chini ya habari za meno yako, na wewe ukaliokota hapo hapo.

Ya mbele ni shamba la mbele ya nyumba. Ya nyuma ni shamba la nyuma. Mteremko ni mteremko.

Sasa sikia. Masaka yameiva, yamekatwa, yamepigwa. Sebarenzi ameuliza sijui mara ngapi kama moniteur amefariki. Watu wa Hakorimana wamekwisha kuja kuuliza, na Hakorimana mwenyewe alisimama uani na baisikeli yake akipiga kengele. Vestine aliwajibu kwamba masaka bado hayajakauka. Yalikuwa yameanikwa mbele yao kwenye mikeka, makavu kabisa, kuku wanayadonoa. Baba yake akanyamaza, lakini mzee huyo hatanyamaza tena. Anasema unawadharau.

Njoo. Njoo na meno hayo hayo, njoo hata bila meno. Mimi sitaweza kukusindikiza kwa tumbo hili, nimekwisha kumwomba baba mdogo Kanyamibwa akusemee. Lile jambo la kiapo bado silisemi, ingawa linanichoma ulimi kuliko dawa ya Munyakazi wako.

Mama ni mzima. Mtoto wangu ameota jino jipya, jeupe pe, sijui amelitoa wapi kwa wazazi kama sisi.

Athanasie


Walikale, 19 Septemba 1954

Dada yangu,

Daraja lilichukuliwa na mto, na barua yako ikakaa ng'ambo na magunia ya chumvi. Nimeipata jana. Kwanza, hongera kama mtoto amekwisha kufika, na kama bado, hongera ya mapema. Pili, nimesoma neno lile MASAKA, nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi kulisoma tena. Lilikuwa bado masaka.

Tatizo ni kwamba kabla ya daraja kutengenezwa nilikuwa nimepata nafasi nyingine ya kujiaibisha.

Padri alinionea huruma kwa sababu ya uji. Docteur wa meno, Mzungu mmoja mfupi, alikuwa amekuja kutazama watu wa kambi ya madini, na padri akamwomba anitazame. Nikakalia kiti chake kinachoinuka chenyewe. Akashika kioo kidogo, akatazama, akashusha miwani.

«Wewe iko moniteur?»

«Ndiyo, docteur.»

«Na moniteur naweka acide ndani ya kinywa?»

Nikafungua kinywa tena, aone mwenyewe.

Hakunitukana zaidi ya hapo. Alinieleza kwa shati lake. Mchuzi ukimwagikia shati, alisema, unafua unatoka. Hayo ndiyo meno ya mvuta kiko na mnywa chai. Lakini kama uzi ulitiwa rangi kabla ya kufumwa, utafua mpaka shati lichanike na rangi itabaki. Akaniuliza nilikulia wapi. Nikamwambia juu ya Sake, tulikuwa tunachota maji kwenye chemchemi ya mawe meusi. Akatikisa kichwa. Alisema maji ya namna hiyo, mtoto akiyanywa wakati meno yake makubwa yanajengeka bado ndani ya fizi, humtia rangi kutoka ndani. Si uchafu, wala si ugonjwa wa kuua. Jana niliposoma barua yako ndipo nikaelewa jino jeupe la mwanao: amekunywa maji ya Kibabi.

Nikamuuliza kama dawa ipo. Alisema ipo, na inafanya kazi, lakini si kwa kila mtu, wala si kwa siku moja. Ni ile eau oxygénée, kali kuliko ya kuoshea vidonda. Anafunika fizi kwanza kwa mafuta na mpira, anapaka jino, anawasha taa ya joto, na mgonjwa anarudi tena na tena. Doa la nje hutoka vizuri. Doa la ndani mara nyingi hupungua tu, na mara nyingine huacha mabaka. Meno huuma kwa baridi siku kadhaa, kisha hutulia. Jino lenye tundu halipakwi, wala lililokwanguliwa. Na acide, ile dawa ya moshi ya Munyakazi, alisema, inafanya jino jeupe kwa kulila. Ndimu ni mdogo wake acide.

Ningesema asante nikaondoka. Lakini sikuwa nimepata barua yako, na nilikuwa namwona Vestine kila nikifumba macho. Nikamwomba. Akatafuta kinywani mwangu, akapata jino moja la mbele ambalo Munyakazi hakulifikia, akalipaka hilo peke yake, siku tatu. Mengine alikataa kuyagusa. Kisha akaondoka na gari lake kuelekea mji wa Costermansville.

Kwa hiyo, dada, nina jino moja jeupe. Moja. Limesimama katikati ya wenzake kama padri katikati ya wachimba madini. Wanafunzi hawasikii tena ninachofundisha. Naogopa kwenda kwa Sebarenzi kuliko nilivyoogopa mwanzo, kwani mwanzo nilikuwa na sura moja. Lakini nimeomba ruhusa kwa padri, amenipa, na nitakuja.

Straton


Sake, 17 Oktoba 1954

Dada yangu,

Mwanao mchanga nimesikia ni msichana, na nimesikia analia kwa sauti ya Mama. Mungu amlinde. Ningepanda Kibabi kumbeba, lakini kamio ya kunirudisha shuleni inapakia sasa hivi hapa sokoni, kwa hiyo barua hii ataileta baba mdogo Kanyamibwa. Nimemkataza kukusimulia kabla hujaisoma. Najua amekwisha kukusimulia.

Tulifika kwa Sebarenzi jana. Wazee walikuwa wamekaa, wanaume wa ukoo ule wote, na ni kweli ni wengi. Mimi nilikaa na mkono mdomoni. Baba mdogo alisema maneno yake mazuri ya kuomba, nami nilikuwa natikisa kichwa tu, mkono mdomoni. Sebarenzi aliniuliza kama naumwa jino. Nikatikisa kichwa tena.

Kisha Vestine akaingia na kibuyu cha pombe. Alikuwa amekibeba kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika kitambaa mdomoni, vilevile kama siku ya Noeli. Akanijia mimi kwanza, mgeni. Akasimama.

Dada, wewe unajua kinachofuata. Kibuyu hakitolewi kwa mkono mmoja, na hakipokewi kwa mkono mmoja. Tulitazamana juu ya mikono yetu. Wazee wote walingoja kuona ni nani ambaye hakulelewa. Mimi nikashusha mkono wangu. Yeye akaacha kitambaa kikaanguka. Tukashika kile kibuyu, mikono minne, na nadhani ni hofu iliyotuchekesha, maana tulicheka wote wawili wakati mmoja.

Ana meno kama yangu. Ni ya kahawia zaidi ya yangu! Pale mbele yana mistari kama ya maharagwe yenye madoadoa. Mimi mwalimu wa hesabu nilijua amekulia wapi, nilijua maji ya wapi, docteur akanieleza mpaka na shati, na sikuweza kujumlisha. Siku ya Noeli hakusikia harufu. Alikuwa anacheka kisa cha mbuzi.

Akaniambia polepole, wazee wasisikie, ingawa walisikia: «Na weye ulikunywaka mayi ya kule mu mawe?»

«Nilikunywaka.»

Akanitazama kinywa vizuri, bila haya, uso wake ukaanza kubadilika. Akanyoosha kidole. «Na hii moja nyeupe? Iko mugonjwa?»

Baba mdogo Kanyamibwa alitoka nje kwa kicheko. Mimi nilibaki, kwani kibuyu kilikuwa mikononi. Najua sasa kiapo chako kilikuwa cha nini, na nakusamehe, na wewe unisamehe kwa kutokuona kinywa chako miaka yote hii.

Lakini si yote ni kicheko. Sebarenzi alingoja tumalize kunywa, kisha akasema: «Moniteur, masaka ilikungojea, weye haukukuya. Tuliikunywa kwa ndoa ya mutoto wa kaka yangu. Hiki kibuyu njo cha mwisho. Hakorimana alikuya na alikuwa na haraka, lakini binti yangu alikatala, na mimi simulazimishe. Ila harusi bila masaka, mu nyumba yangu, hapana.»

Akaweka kibuyu chini. Akanitazama, akasema kwa lugha yetu, maneno mawili tu: «Niyera, azaze.»

Kungoja tena. Mwaka mzima, dada. Moyo uliniuma kweli, si kama fizi. Ni mavuno yaliyopita mbele ya macho yangu wakati mimi nimekaa na ndimu mdomoni. Lakini nilisimama, nikavua kofia, nikamuuliza mbele ya wazee wote: «Papa, unisamehe. Niyera nini?»

Wazee walitazamana. Sebarenzi alifungua kinywa ajibu. Na Vestine, kutoka mlangoni, bila kitambaa, bila mkono, akanijibu kwa meno yake yote: «Masaka!»

Dereva anapiga honi. Busu mtoto. Na ukimwona Vestine shambani, mwambie nimesikia.

Straton